Heathrow Si London Peke Yake

Abiria wa Afrika Mashariki aendaye London huuliza mambo mengi kabla ya kutoa fedha zake: nauli ni kiasi gani, atapewa kilo ngapi za mizigo, atashinda saa ngapi Doha au Addis Ababa akingoja ndege ya pili, na kama chakula cha ndegeni ni halali, lakini ni nadra kumsikia akiuliza atashushwa katika uwanja upi, na jambo hilo, kwa maoni yangu, lina athari kubwa zaidi katika raha au taabu ya safari yake kuliko yote aliyoyauliza. Viwanja vinavyobeba jina la London ni vingi. Heathrow uko magharibi, kama kilomita 23 kutoka katikati ya mji. Gatwick uko kusini, kilomita 45 na ushei. Luton uko kaskazini, katika jimbo la Bedfordshire. Stansted uko kaskazini mashariki, katika jimbo la Essex, mbali kuliko vyote hivyo. Na City uko ndani ya mji wenyewe, mahali palipokuwa pakifunga meli zamani, ila njia yake ya kurukia haifiki mita 1,600, hata ndege kubwa zitokazo kwetu haziwezi kuutumia.

Kwa watu wetu wengi, Heathrow ndiyo London. Uwanja huo ulianza kupokea abiria wa kiraia mwaka 1946, na tarehe 7 Februari 1952 Elizabeth, aliyekuwa Kenya wakati baba yake alipofariki, alishuka hapo akiwa malkia, kwa ndege aliyoipanda Entebbe. Baada yake wamepita hapo wanafunzi wetu, mabalozi, wagonjwa na wafanyabiashara, vizazi kwa vizazi, mpaka jina la uwanja likapata haiba ambayo mzazi hujivunia anapowaambia majirani kwamba mwanawe anatua Heathrow. Walakini historia yetu na mji ule haikupitia mahali pamoja tu. Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, walipoanza kuwasili Uingereza kwa ndege mwezi wa Septemba, walishushwa Stansted, uwanja ambao wengi wetu leo hatuna habari kwamba uko.

Haiba hiyo ya Heathrow ina chanzo kinachojulikana, na ni haki ya msafiri kukifahamu kabla hajakilipia. Tangu mwaka 1977 hadi 1991 serikali ya Uingereza iliweka kanuni kwamba shirika la ndege ambalo halikuwa na safari Heathrow hapo awali lisiruhusiwe kuanza huko, bali liende Gatwick. Na kwa mkataba uliofanywa mwaka huo huo wa 1977 baina ya Uingereza na Marekani, mashirika mawili tu ya kila upande ndiyo yaliyokuwa na idhini ya kuruka baina ya Heathrow na nchi ile, hali iliyodumu hadi mwaka 2008. Kwa hiyo wakongwe walibaki ndani na wageni wakabaki nje, na watu wakazoea kudhani kwamba aliye nje ni duni, ilhali wengi wa walio nje walizuiwa na kanuni. Ongeza juu ya hayo uhaba wa nafasi. Heathrow una njia mbili za kurukia, na sheria haiuruhusu kupita safari 480,000 kwa mwaka. Maadamu ukomo huo umekaribiwa siku nyingi, zamu za kutua na kuruka zimekuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa, na mwaka 2016 iliripotiwa kwamba shirika la Oman Air lilitoa dola milioni 75 za Marekani kwa zamu moja ya kutua na kuruka kwa siku. Shirika linalolipa kiasi hicho hutafuta namna ya kukirudisha, na tozo za abiria katika uwanja huo ni miongoni mwa zilizo kubwa duniani. Fedha hizo zote hutoka katika nauli. Mtu akiniambia kwamba Heathrow ni bora kwa kuwa ni ghali, namwambia kwamba kilicho ghali hapo ni nafasi ya ndege kuteremka, wala si huduma atakayoipata yeye akiisha kuteremka.

Gatwick nao haukustahili kudharauliwa hata mara moja. Ulipofunguliwa upya mwaka 1958 ulijengwa pamoja na kituo cha treni, hata abiria akaweza kutoka ndegeni akaingia garini pasi na kutafuta basi wala teksi; Heathrow ulingoja hadi mwaka 1977 ndipo reli ya chini ya ardhi ilipoufikia. Udhaifu wa Gatwick ni kuwa kwa miaka mingi umetumia njia moja tu kwa wakati mmoja, na ndege zikichelewa asubuhi huchelewa mpaka usiku. Mwezi wa Septemba 2025 serikali ya huko ilitoa idhini ya kuitumia njia ya pili kwa safari za kila siku, nasi tungoje tuone.

Kwetu sisi mambo yamegeuka katika miaka hii michache. British Airways iliacha kwenda Dar es Salaam mwaka 2013, na Entebbe mwaka 2015, hata ikawa Mtanzania na Mganda hawana budi kupitia mji wa watu wengine. RwandAir ilianza na Gatwick mwaka 2017, kisha ikahamia Heathrow mwaka 2022. Uganda Airlines ilipoanza safari za London mwezi wa Mei 2025 ilichagua Gatwick, na mwaka huo huo Kenya Airways, ambayo ni mwenyeji wa Heathrow wa miaka mingi, ilifungua safari za Gatwick juu ya zile za zamani. Na abiria wa Dar es Salaam apitiaye Dubai kwa Emirates anaweza, kwa shirika hilo hilo, kushuka Heathrow, Gatwick au Stansted. Hiari imekuja mikononi mwetu, ila hatujajizoeza kuitumia.

Itumike vipi? Nasema msafiri aanze na nyumba atakayolala, kisha arudi nyuma mpaka uwanjani, wala asianze na jina la uwanja akaishia kuhangaika na nyumba. Mzee wa Kibarawa aendaye kwa wanawe Barnet, kaskazini mwa London, ambako jamaa zake wengi wamefanya makazi, atapata taabu bure akishushwa Gatwick, kwa sababu wanawe watalazimika kuuzunguka mji mzima kwa gari kumfuata. Huyo Heathrow unamfaa. Kadhalika aendaye Slough, Southall au Hayes, maeneo yaliyo jirani na uwanja wenyewe, na yule aendaye mashariki ya mji ambaye hataki kubadili treni mara nyingi na mizigo yake, kwani reli ya Elizabeth, iliyofunguliwa mwaka 2022, hutoka Heathrow ikapita chini ya mji hata upande wa pili. Lakini aendaye Croydon, dakika 15 tu kwa treni kutoka Gatwick, au Brighton, au mitaa mingi ya kusini mwa mto Thames, ana sababu gani ya kulipa zaidi ili ashushwe magharibi? Na liko jambo ambalo wengi huliona ajabu wanapoambiwa: treni zitokazo Gatwick hupenya katikati ya London na kuendelea kaskazini hadi mji wa Luton, Bedford, Cambridge na Peterborough, hata mtu anayekaa huko kaskazini huweza kufika nyumbani kutoka uwanja wa kusini bila kubadili gari. Hata Reading, mji ulio magharibi wenye Wakenya wengi, una treni yake itokayo Gatwick moja kwa moja, ingawa umbali wake kutoka Heathrow ni mdogo zaidi. Ramani peke yake haitoshi. Sharti mtu aulize na njia za reli.

Na huyo aendaye Leicester, Birmingham au Manchester, aulize kwanza kama ana haja ya London kabisa. Emirates na Qatar Airways hutua Birmingham na Manchester pia, na mama mtu mzima aliyebadili ndege mara moja tu huko Ghuba, kisha akapokelewa na mwanawe karibu na nyumbani, amepumzishwa safari ndefu ya basi ambayo angeifanya akiwa amekesha usiku kucha.

Nimemtaja mama mtu mzima kwa makusudi, kwani mara nyingi abiria wetu ni mzazi anayekwenda kuona wajukuu, hajui Kiingereza cha kutosha, magoti yanamuuma, na ndani ya begi lake mna samli, bizari na nguo za watoto. Kwa mtu kama huyo hata jina la uwanja halitoshi. Heathrow una majengo manne ya abiria yanayotumika. La pili na la tatu yako pamoja, lakini la nne na la tano kila moja liko mbali na wenzake na lina kituo chake cha treni, na mwana anayengoja katika jengo la tatu wakati mama yake ametokea katika la nne hawataonana hata waitane. Gatwick una majengo mawili tu, la kaskazini na la kusini, yenye kigari cha reli kinachokwenda na kurudi baina yao. Kosa la kule ni jepesi kurekebishwa.

Lakini balaa kubwa kuliko yote, ambalo nalisema kwa mkazo wote nilio nao, ni tiketi inayomshusha mtu katika uwanja mmoja wa London na kumtaka apande ndege nyingine katika uwanja wa pili. Katika karatasi huonekana ni jambo dogo: London hadi London, saa nne za kungoja, nauli imepungua. Ukweli wake ni kwamba baina ya Heathrow na Gatwick pana mwendo wa kilomita 65 hivi wa barabara inayojulikana kwa msongamano, na kabla ya kuifikia barabara hiyo abiria hana budi kuchukua mizigo yake, kupita forodha na kuingia rasmi katika nchi ya Uingereza, jambo ambalo kwa mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda aghalabu lataka viza, hata kama anapita tu na hana nia ya kulala London usiku mmoja. Asiye na viza hiyo huweza kuzuiwa Nairobi au Entebbe, mlangoni pa ndege, na fedha zake zimekwisha kutoka. Na kama tiketi ni mbili mbalimbali, zilizonunuliwa kwa mashirika mawili yasiyo na mapatano, akichelewa ndege ya pili hakuna wa kumdai. Nauli iliyopungua hailingani na hatari hiyo hata kidogo, na sijui mazingira yoyote ambayo ningemshauri ndugu yangu aikubali.

Lawama ya hayo siiweki juu ya msafiri peke yake, kwani yeye aghalabu hununua kwa kuamini. Nanyi mawakala wa tiketi wa Mombasa, Dar es Salaam, Unguja na Kampala, mnaojua mengi ambayo mteja wenu hayajui, nawaomba muandike jina la uwanja kwa ukamilifu katika karatasi mnayompa abiria, pamoja na jengo atakalotokea. Mumuulize anakwenda kulala mtaa gani kabla ya kumtajia nauli. Na akiitaka tiketi ya viwanja viwili kwa ajili ya wepesi wa bei, msimuuzie mpaka mmemweleza umbali wa njia na sharti la viza.