Kisingizio cha Utamaduni

Imani iliyoenea miongoni mwa wasomi, maofisa wa utamaduni na hata baadhi ya wasanii wa Afrika Mashariki ni kwamba jumba la sanaa, yaani jengo la umma ambamo picha, vinyago na kazi nyingine za mikono huhifadhiwa na kuonyeshwa, ni kitu cha kigeni, na kwamba mwananchi wa kawaida haingii humo kwa sababu mila zake hazikumzoesha kutazama kitu kwa ajili ya kukitazama tu. Sanaa ya Mwafrika, wanadai, ilikuwa siku zote ya kutumiwa: kigoda cha kukalia, ngoma ya kupigwa, kinyago cha kuchezwa jandoni; kikishatundikwa ukutani, kimekuwa cha mtalii. Hoja hii husemwa kwa fahari, kana kwamba inautetea Uafrika, ilhali inarudia mgawanyo uleule wa enzi za ukoloni, ambapo kazi za Wazungu ziliitwa sanaa na za Waafrika zikaitwa vifaa.

Pwani yenyewe inaikanusha. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulijengewa zidaka, yaani safu juu ya safu za vishubaka vilivyonakshiwa kwa chokaa, na humo zikapangwa sahani na bakuli za kaure zilizoletwa kutoka China. Wapo watafiti wanaoeleza kwamba vyombo hivyo vilikuwa kinga dhidi ya husuda katika chumba ambamo watoto walizaliwa na maiti kuoshwa. Lakini hata kinga hiyo ilitenda kazi kwa kulivuta jicho la mwenye husuda, kwa hiyo kutazamwa ndiko kulikokuwa kazi ya chombo. Makaburi ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yanakwenda mbali zaidi, kwa kuwa bakuli zilizopachikwa katika nguzo zake haziwezi tena kupakuliwa chakula wala kuteka maji. Na kama mtu anaona kwamba huo ni ustaarabu wa matajiri wa kale, basi na asimame katika kituo cha Nairobi jioni awaangalie vijana wanaoliacha gari tupu lipite wakisubiri nganya, yaani matatu iliyochorwa kwa ustadi, huku wakibishana kuhusu rangi na mkono wa mchoraji. Watu hawa hawakosi jicho.

Kinachokosekana ni mlango ulio wazi kweli, na mfano wa Nairobi unafundisha. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya kwa miezi michache mwaka 1966, alikusanya kwa miaka mingi vitabu, stempu, vito, nguo na vinyago vya Afrika, akitaka vibaki barani badala ya kuishia ng'ambo. Sehemu ya hazina hiyo imo katika Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Sehemu nyingine imo katika ukumbi wa chini wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, ambayo wakazi wa jiji huijua kwa jina la Archives na hukutania nje yake kila siku, wengi wao bila kujua kwamba nyuma ya ukuta wake mna chochote cha kutazama. Kumlaumu babu yao kwa jambo hilo ni uvivu wa fikra.

Lawama inastahili kuwekwa kwingine. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 wa Kenya ulilianza somo la sanaa na ufundi kwa kulitahini, kisha ukaliondoa katika mtihani wa darasa la nane, na kila mwalimu anajua somo lisilotahiniwa hufanywa nini katika ratiba. Maelezo yaliyobandikwa kando ya vitu, hata katika majumba yanayogharimiwa na walipa kodi, mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, yakitaja kabila na aina ya mti bila kusema aliyechonga alikuwa akijaribu nini. Ziara za shule nazo huwa msafara: wanafunzi mia moja hupitishwa mbio mbele ya vitu mia tatu, wakiambiwa wasiguse, kisha hupandishwa basi.

Ziara yenye manufaa ingekuwa ndogo kuliko hiyo. Darasa moja likae chini mbele ya kinyago kimoja cha Kimakonde, mathalani kile cha mtindo wa ujamaa ambamo watu wengi wamebebana katika gogo moja la mpingo, liulizwe nani ameanza kuchongwa na kwa nini hakuna anayeanguka, na lipewe penseli lichore jibu lake. Nyenzo za kujifunzia za namna hii, yaani karatasi za maswali, mwongozo wa mwalimu na maelezo ya Kiswahili yanayosomeka, hazihitaji jengo jipya wala mfadhili kutoka nje. Zinahitaji ofisa aliye tayari kuandika kurasa nne, na ofisa anayeamini kwamba watu wake hawana utamaduni wa kutazama hataziandika.