Jino Likinyamaza Halijapona

Wiki hii tuzungumzie jino lililooza. Wengi wetu hulihukumu jino kwa kipimo kimoja tu, nacho ni maumivu. Likiuma tunahangaika, likiacha kuuma tunashukuru Mungu na kulisahau. Kipimo hicho ni kibovu, na mara nyingine kimegharimu maisha ya watu.

Yatupasa kwanza kulielewa jino lenyewe. Ndani ya ganda lake gumu kimo kiini laini chenye damu na mishipa ya fahamu, nacho huteremka mizizini kwa vijifereji vyembamba. Vijidudu vya kinywani huigeuza sukari tunayokula kuwa asidi, na asidi hiyo hulitoboa ganda polepole. Vijidudu vikikikaribia kiini, mwili hupeleka askari wake, yaani chembechembe nyeupe za damu, na mahali hapo huvimba. Kidole kikivimba, ngozi hutanuka; lakini kiini cha jino kimezungukwa na kuta ngumu, hakina pa kutanukia. Mbano huzidi, damu hushindwa kupita, na kiini hufa. Ndipo maumivu yaliyomkesha mgonjwa hunyamaza ghafula.

Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu. Kiini kilichokufa hakina damu, na pasipo damu askari wa mwili hawafiki. Vijidudu hujipatia ngome humo. Mwili nao hujenga boma kwenye ncha ya mzizi ili kuvizuia visienee, na katika vita hivyo mfupa wa taya ulio jirani huliwa. Usaha tunaouona ni mabaki ya vita hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo vidonge pekee haviliponyi jino la namna hii: dawa ya kumeza huchukuliwa na damu, na damu haiingii tena jinoni.

Kwamba vijidudu ndivyo adui kulithibitishwa mwaka 1965 na wataalamu watatu nchini Marekani: Kakehashi, Stanley na Fitzgerald. Walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini. Panya wa kawaida viini vyao vilikufa. Wale waliolelewa pasipo vijidudu, viini vyao vilibaki hai na kujijengea ukuta mpya, ingawa mabaki ya chakula yaliingia katika matundu.

Basi kazi ya daktari wa meno ni kuingia ndani ya ngome. Hulifungua jino, hukwangua vijifereji kwa vyuma vyembamba na kuviosha kwa dawa ya jamii ya klorini. Mara nyingi huweka pia hidroksidi ya kalisi, ambayo kwa asili ni chokaa iliyozimwa, kwa wiki moja au zaidi. Dawa hiyo ililetwa katika tiba ya meno na Mjerumani Hermann mwaka 1920. Ukali wake huua vijidudu vingi, lakini si vyote. Kwa hiyo usafishaji una uzito kuliko dawa. Mwishowe mfereji huzibwa kabisa, na mfupa ulioliwa hujijenga upya kwa miezi kadhaa.

Palipo na uhaba wa matibabu hayo, kung'oa jino nako ni tiba halali, kwani huondoa chanzo cha ugonjwa. Kisicho halali ni kungoja. Mafuta ya karafuu hutuliza, na madaktari wenyewe huyatumia katika dawa za kuzibia; lakini kutuliza si kuponya. Asidi ya betri, tumbaku au aspirini iliyosagwa isiwekwe kamwe juu ya ufizi, maana huunguza nyama.

Mama na baba, shikeni hili. Mtu akivimba chini ya taya, akapata homa, akashindwa kufumbua kinywa, kumeza au kuhema vizuri, asingoje kesho. Uvimbe huo huweza kuziba njia ya pumzi, na mgonjwa akafa kwa sababu ya jino moja. Apelekwe hospitali saa ile ile. Na yule ambaye jino lake liliuma mwezi uliopita, kisha likanyamaza, aende akapimwe wiki hii.