STIMA SAFI ISIWE YA MATAJIRI PEKE YAO



Sisi tunaokuja kazini kwa njia ya reli ya Kikuyu na Dagoretti twavijua vinu vya upepo vilivyo juu ya vilima vya Ngong. Vya kwanza viliwekwa mwaka 1993. Kabla ya hapo, mwaka 1981, mvuke wa ardhini ulianza kutoa stima huko Olkaria. Tena mwaka 2018 vinu 365 vya Turkana, vyenye nguvu za megawati 310, viliunganishwa na waya za nchi. Leo zaidi ya sehemu 8 katika 10 za stima ya Kenya zatoka kwa mvuke, maji, upepo na jua. Basi mtu asituambie ya kwamba stima safi haipo.

Lakini teremka Kawangware au Kangemi saa moja jioni. Utaona nini? Moshi wa makaa mlangoni na harufu ya mafuta ya taa ndani. Mafuta hayo nayo yaliongezewa kodi ya shilingi 18 kwa kila lita mwezi wa Septemba, 2018. Waya wa stima wapita juu ya paa, lakini chombo cha kupikia kwa stima chataka fedha nyingi kwa mara moja, na mfanya kazi hulipwa kidogo kidogo. Tena mara nyingi mita ni ya mwenye nyumba, naye hataki kusikia habari ya kupika kwa stima.

Twaona ya kwamba Serikali peke yake haitamaliza jambo hili. Wako wenye biashara. Wenye viwanda wana chama chao, KAM, chenye ofisi Barabara ya Mwanzi, Westlands. Wafanya biashara wana KNCCI. Mafundi wa jua kali na wenye maduka madogo wana vyama vyao pia. Vyama hivi vina nguvu. Mwaka 2020 vyombo vya jua vilitozwa kodi ya VAT. Wenye biashara wakalalamika, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa. Sauti yao yasikiwa. Sisi twauliza: je, itasema kwa ajili ya nani?

Twataka mambo matatu.

La kwanza, wanunue kwa jumla na kuuza kwa mafungu. Chama kikiagiza vyombo elfu moja, bei itakuwa chini kuliko mtu akinunua kimoja dukani. Vyama vyetu vya akiba na mikopo vyaweza kupokea malipo ya kila mwezi. Lakini makato ya mshahara yawe kwa hiari ya mfanya kazi, kwa hati aliyoisoma na kuielewa.

La pili, wafundishe watu wa hapa. Tangu mwaka 2012 sheria yataka fundi wa stima ya jua awe na leseni. Vijana wa Kangemi wanaoweza kufunga waya ni wengi, lakini wenye karatasi ni wachache. Sisi watu wa relwe twalijua jambo hili. Injini kubwa kama Mount Gelai, ambayo sasa imo katika makumbusho ya relwe hapa Nairobi, haikwenda bila fayamani. Dizeli zilipokuja, kazi ya fayamani ikaisha. Nguvu mpya ikija bila mafunzo, mfanya kazi ndiye aachwaye stesheni.

La tatu, wasitutupie mzigo wa waya. Viwanda na majumba makubwa yanaweka vioo vya jua juu ya mapaa. Chuo Kikuu cha Strathmore, pale Madaraka, kiliweka vya kilowati 600 mwaka 2014. Hatulaumu, ni kazi njema. Lakini mwenye vioo hununua stima kidogo mchana, na usiku hurudi kwenye waya ule ule. Nguzo na transfoma zataka kutunzwa siku zote. Wakubwa wakipunguza malipo yao, nani atajaza pengo? Ni wewe unayenunua tokeni ya shilingi 50. Kwa hiyo, vyama vya wenye biashara vikienda mbele ya EPRA kusema juu ya bei ya stima, vikubali kulipa sehemu ya haki kwa ajili ya waya.

Watasema biashara si sadaka. Ni kweli, nasi hatuombi sadaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jiko la mabati lenye udongo ndani lilianza kutengenezwa hapa Kenya, na mfano wake ulitoka Thailand. Ni mafundi wa jua kali, kama wale wa Shauri Moyo, waliolieneza. Walipata faida, na mama akapata kupunguza makaa. Mtu mdogo ni mnunuzi mzuri, akipewa bei anayoiweza.

Na sisi je? Tusikae tukilalamika tu. Bei ya stima inapotaka kubadilishwa, EPRA huita watu wote watoe maoni. Wenye viwanda hufika na makaratasi yao. Yafaa nasi tufike. Kila tawi la chama chetu lichague watu wawili, waandike hesabu ya makaa, mafuta ya taa na tokeni za nyumba zetu kwa mwezi mmoja, kisha waipeleke hesabu hiyo Westlands na kwa EPRA pia. Tajiri hawezi kubishana na hesabu kama anavyobishana na kelele.

Upepo wa Ngong hauna mwenyewe. Stima yake nayo ifike mpaka jikoni kwetu.