Barua ya Msafiri: Nani Alijenga Ukuta Huu?

Ndugu msomaji,

Mimi nimerudi salama. Nilisafiri mwezi mmoja katika nchi za kusini mwa Afrika. Nilikwenda kwa basi. Nilivuka mpaka pale Tunduma, nikapita Zambia, nikafika Zimbabwe. Leo nakuonyesha picha mbili nilizopiga huko.

Tazama picha ya kwanza. Unaona moshi? Huo si moshi, ni maji. Haya ni maporomoko ya mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Upana wake ni mita 1,708. Wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi unaonguruma. Nilisimama mbali, lakini nguo zangu zote zililowa. Kamera niliificha ndani ya shati.

Mwaka 1855 Mzungu David Livingstone alifika hapo. Aliyapa maporomoko jina la malkia wake, Victoria. Vitabu vingi viliandika kwamba yeye ndiye aliyeyagundua. Lakini wenyeji ndio waliompeleka. Je, mgeni ukimwonyesha nyumba yako, anaweza kusema ameigundua yeye?

Sasa tazama picha ya pili. Ukuta huu uko Zimbabwe, karibu na mji wa Masvingo. Nilimwomba mama wa mtoto huyu ruhusa, kisha mtoto akasimama hapo ili wewe ujue kimo cha ukuta. Mahali pengine unafika kama mita 11. Mawe yamepangwa moja juu ya jingine, bila udongo wala saruji. Hata hivyo, ukuta umesimama miaka mingi sana.

Waliojenga ni mababu wa Washona. Miaka 700 iliyopita huu ulikuwa mji mkubwa. Watu wake walifuga ng'ombe, na dhahabu yao ilipelekwa pwani. Hata sarafu ya Kilwa imepatikana hapo! Na jina lenyewe si geni masikioni mwetu. Kwa Kishona, "dzimba dza mabwe" ni nyumba za mawe.

Lakini walowezi walipoitawala nchi hiyo, wengi wao walikataa ukweli huo. Walisema wajenzi walikuwa wageni kutoka mbali. Kwa nini walisema hivyo? Walidai kwamba Mwafrika hawezi kujitawala. Ukuta huu uliwaumbua.

Wataalamu walichimba hapo mwaka 1905, na tena mwaka 1929. Walisema wazi kuwa kazi hii ni ya Waafrika. Bado uongo uliendelea kuandikwa. Mtaalamu Peter Garlake alishikilia ukweli. Mwaka 1970 ilimbidi aondoke nchini. Nchi ilipata uhuru tarehe 18 Aprili 1980, ikachukua jina la kuta hizi.

Baada ya kupiga picha, yule mama aliniuliza swali. Alitaka kujua nitaandika nini chini ya picha ya mwanawe. Swali hilo lilinigusa. Picha inaonyesha ukuta, lakini haisemi nani aliujenga. Maandishi ndiyo yanayosema. Nikaandika kwenye daftari mbele yake: "Mtoto huyu amesimama kwenye ukuta uliojengwa na mababu zake." Nikamweleza maana yake kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Akacheka, akanipa mkono.

Ndugu msomaji, sasa nawe unajua kuandika. Nani walichimba kisima cha kijiji chako? Nani walibeba mawe ya kujengea shule? Waulize wazee wangali hai. Andika majina yao na mwaka, kisha uwasomee wanao. Usipoandika wewe, mwingine ataandika apendavyo.

Tuonane mwezi ujao.

Wako,
Msafiri