Kamera katika futari ya kampuni

Kila uingiapo mwezi mtukufu wa Ramadhani, mabenki, kampuni za simu na mashirika ya umma katika miji yetu huandaa futari kwa wateja wao, masheikh na viongozi. Mara nyingi hualikwa pia watoto wa vituo vya kulelea mayatima, wakakabidhiwa mchele, sukari, mafuta ya kupikia na tende. Pembeni mwa ukumbi husimama kijana mwenye kamera, ambaye adhana ya Magharibi humkuta kazini. Wiki hii tunapenda kumzungumzia kijana huyu, kwani ni mtoto wetu, na wazazi huuliza iwapo kazi yake ni ya kutegemewa.

Ni kazi, tena ya taaluma. Elimu ya nuru iliyo msingi wa kamera ina deni kubwa kwa Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyeandika Kitab al-Manazir mjini Cairo mwanzoni mwa karne ya 11. Mpiga picha wa hafla za kampuni hufika kabla ya wageni, akapima mwanga wa ukumbi, akapokea orodha ya picha zinazotakiwa: mgeni rasmi akilakiwa, mkurugenzi akihutubia, zawadi zikikabidhiwa, kisha picha ya pamoja. Tukio likimpita halirudi. Hafla ikiisha, wenzake hulala naye hukesha akichambua mamia ya picha, maana kampuni huzitaka asubuhi.

Wanavyuoni wamekhitalifiana kuhusu picha za kamera. Wapo waliozizuia isipokuwa kwa haja, na wapo walioziruhusu kwa masharti. Mjadala huo hatuufungui hapa. Kila familia na imuulize sheikh wake. Lakini lipo jambo ambalo pande zote mbili hazilibishanii: heshima ya mja haichezewi.

Hapo ndipo ulipo mtihani. Kampuni imegharamia futari ili ionekane. Yatima amekuja ili ale. Picha inayopendwa na waandaaji ni ile ya mtoto aliyeinua uso, mikono miwili juu ya mfuko wa mchele wenye nembo ya kampuni. Picha hiyo hurushwa mitandaoni, ikabaki huko miaka mingi. Mtoto yule atakua, atasoma, ataomba kazi, ataposa au ataposwa, na bado atatambulika kwa mfuko ule wa mchele. Suratul Baqara, aya ya 264, inawakataza waumini kuzibatilisha sadaka zao kwa masimbulizi na udhia. Aya ya 271 inafundisha kuwa kuidhihirisha sadaka ni vyema, ila kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Kwa hiyo hatusemi kampuni isipigwe picha. Tunasema uso wa mpokeaji si bei ya futari.

Mpiga picha mwenye ujuzi anazo njia. Anaweza kuonyesha mikono ikipokea bila sura, safu za watoto kwa nyuma, au wafanyakazi wa kampuni wakiandaa sinia. Upande wa wanawake aingie mpiga picha mwanamke, na kina mama waulizwe kwanza. Anayetafuna asipigwe, wala anayesujudu asigeuzwe tangazo. Haya yote ayaeleze kwa mwenye hafla mapema, siku ya makubaliano, si ukumbini watu wakisubiri adhana. Na sheria ya nchi iko upande wake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 1, 2023, imeweka masharti juu ya ukusanyaji na matumizi ya taarifa zinazomtambulisha mtu.

Kampuni nazo zina wajibu. Aya ya 282 ya sura hiyohiyo imeagiza deni la muda maalumu liandikwe. Basi malipo, idadi ya picha na mahali zitakapotumika viandikwe. Katika hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, Mtume (s.a.w.) ameagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Haipendezi kulisha mamia ya wageni kwa jina la kheri, kisha kijana aliyeipiga picha kheri hiyo akazungushwa na ankara yake hadi Mfungo Tatu.

Nanyi wazazi, msiidharau kazi hii, wala msiiache bila malezi. Kijana arudipo usiku na begi lake, msimuulize amepata kiasi gani tu. Muulizeni amepiga nani, na kwa ridhaa ya nani. Allah atujaalie kuzichunga amana zetu. Amin.