Muze ya Lubumbashi: falanga ya kwanza itoke mfukoni mwetu



Siku hizi tumepita sokoni na kwenye vituo vya taksi-bisi tukiuliza swali moja tu: ni lini mara ya mwisho uliingia katika nyumba ya makumbusho ya mji wetu? Wengi walicheka. Wengine walisema waliingia zamani na masomo, wakiwa watoto, mwalimu anapiga kelele "musiguse!" Kijana mmoja alituuliza kama muze bado iko. Na sisi tunaoandika hapa tusijifiche: tulikuwa saba mezani, watatu kati yetu hawajawahi kukanyaga mule. Wamezaliwa hapa, wamesoma hapa.

Hatukuuliza kwa mchezo. Tunataka tuanze mchango wa kutengeneza nyumba ile na kuiongezea vyumba. Lakini kabla ya kumwomba mtu hata falanga 500, tuko na deni la kumweleza mambo mawili: kwa nini, na nani atashika pesa.

Tuanze na kwa nini, sababu hapo ndipo munatubana kila siku. "Vita iko Kivu, ndugu zetu wamekimbia, hapa nyumbani watu wanakula mara moja kwa siku, na nyinyi munakuja na mambo ya picha na masanamu?" Swali ni la haki. Mwenye kuuliza hivyo hatukosi heshima, na hatutamwambia kwamba picha inashibisha. Tunamwambia jambo lingine: kwa miaka mingi mji huu umekuwa ukitoa vitu vyake vya thamani vikaenda mbali, na kila mara tuliambiwa ngojeni kwanza, kuna shida kubwa zaidi. Shida kubwa hazikuisha. Vitu viliisha.

Chukueni mfano wa Tshibumba Kanda-Matulu. Huyu alikuwa mchoraji wa mtaani, wa hapa hapa, aliyekuwa akiuza picha zake mlango kwa mlango miaka ya 1970. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi, kutoka zamani za mababu, kupitia wabeligiji, Lumumba, kujitenga kwa Katanga, mpaka Zaire ya Mobutu. Picha 101. Hakuzichora tu: alizieleza moja moja kwa mdomo, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, na mtaalamu Johannes Fabian akamrekodi. Mwaka 1996 maelezo yale yalitoka katika kitabu kwa Kiingereza, kinasomwa katika vyuo vikuu vikubwa vya dunia. Na picha zenyewe? Ziko Amsterdam, Uholanzi. Tshibumba mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, habari zake zilipotea.

Tusidanganyane: picha hizo hazikuibwa. Zilinunuliwa, mchoraji alilipwa, na pengine kama zingebaki katika nyumba moja ya hapa, mvua au uporaji ungekuwa umezimaliza. Tunalijua hilo. Lakini fikirini kidogo. Historia ya nchi yetu, imechorwa na mtoto wa watu kama sisi, imesemwa kwa luga tunayoongea tukinunua bukari, na kijana wa Katuba akitaka kuiona anahitaji viza ya Schengen. Hatulii kwamba wazungu ni wabaya. Tunauliza: siku Uholanzi ikisema "sawa, tutawaazima kwa miaka miwili", tutazitundika wapi?

Swali hilo si la ndoto. Juni 2022 mfalme wa Ubelgiji alikuja Kinshasa na kinyago kikubwa cha Kakuungu cha Wasuku, akakiacha katika Muze ya Taifa kama mkopo usio na mwisho. Mkopo! Kitu cha babu yako unaazimwa. Miezi ile ile Ubelgiji ilipitisha sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa vibaya wakati wa ukoloni, na mapema mwaka ule serikali yetu ilipokea orodha ya vitu karibu 84,000 vinavyolala Tervuren. Kinyago kilipata pa kuketi Kinshasa sababu Kinshasa iko na jengo jipya, lililofunguliwa mwaka 2019. Tuseme ukweli wote: jengo lile lililipwa na Korea Kusini, zaidi ya dola milioni 20.

Na tuliwahi kurudishiwa kabla ya hapo. Kati ya mwaka 1976 na 1982 Tervuren ilitoa vitu 114 kwa Zaire. Miaka ya 1990 uporaji ukapita, na baadhi ya vitu hivyo vikatoweka, vingine vikaonekana tena katika biashara ya Ulaya. Ndiyo maana kila tukifungua mdomo kudai, wanatujibu kwa upole: mutaviweka wapi? Jibu hilo linatuudhi. Linatuudhi zaidi sababu hatuna la kulijibu.

Sasa turudi hapa kwetu. Muze yetu ilianza miaka ya 1940, chini ya jina la Leopold II, jina ambalo hatulilii. Jengo tunaloliona leo lilichorwa na Claude Strebelle, yule yule aliyechora teatri ya mji. Ni nyumba nzuri, muingie mutazame hata kuta zake. Lakini nyumba ya umri huo inaomba matunzo kama mzee. Mtu yeyote aliye na nyumba Lubumbashi anajua mvua ya kuanzia Novemba hadi Machi inafanya nini kwa paa, na mchwa wanafanya nini kwa mti. Kinyago ni mti. Ngoma ni mti na ngozi. Rangi ya turubai haipendi unyevu wala jua. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, nyaya za zamani zinaweza kuunguza yote usiku mmoja. Kwa hiyo tunaposema kutengeneza hatusemi kupaka rangi mlangoni ili wakubwa waje kukata utepe. Tunasema paa na mifereji kwanza. Halafu nyaya. Halafu kila kitu kipigwe picha, kiandikwe namba na kipimo chake, sababu kitu kisicho na picha wala namba kikiibwa hakuna polisi wa nchi yoyote atakayekitafuta.

Kuongeza vyumba kunakuja baada ya hapo, na hapo ndipo roho yetu iko. Muze hii kwa miaka mingi imejulikana kwa vitu vya kale. Ni vizuri, watu wa bonde la Upemba walikuwa wakizikwa na mapambo ya shaba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kabla mzungu yeyote hajatuambia kwamba shaba iko hapa. Lakini mji huu umezaa pia wachoraji. Mwaka 1946 mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya uchoraji iliyoitwa Hangar. Mule walitoka Pili Pili Mulongoy na samaki na ndege zake, Mwenze Kibwanga, na Bela aliyepaka rangi kwa vidole. Mwaka 1951 Laurent Moonens akafungua shule ya sanaa, inayofundisha mpaka leo. Mwaka 2015 Paris ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, foundation Cartier ilijaa, na kazi za Hangar zilikuwa kati ya zilizopendwa. Tangu 2008 Lubumbashi iko na biennale yake, ilianzishwa na wasanii wenyewe, watu wanapanda ndege kuja kuitazama. Biennale ikiisha, kazi zinafungwa katika masanduku. Tunataka ukumbi wa kudumu wa wachoraji wa mji huu, wa Hangar, wa mtaani kama Tshibumba, na wa leo. Ukumbi ambao mama anaweza kuingia na kitenge chake akitoka sokoni, bila kuulizwa umetumwa na nani.

Nani alipe? Wengi munasema: Leta. Ndiyo. Hatutaiachilia Leta. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa redevance hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 komini au sekta ambapo mgodi uko, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Haut-Katanga si jimbo la kulia njaa mbele ya karatasi hizo. Tunataka bunge la jimbo liandike katika bajeti, kwa mstari wake, kiasi cha muze kinachotoka katika ile 25. Kidogo, lakini kila mwaka, na kionekane. Makampuni nayo yanapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoishi karibu na migodi. Hiyo tusiiguse: ni ya maji na shule za wale wanaokula vumbi. Wakitaka kusaidia muze watoe kwingine, na jina lao lisiandikwe kubwa kuliko jina la nyumba.

Lakini tunasema falanga ya kwanza itoke kwetu. Hesabu ni hii. Watu 20,000 wakitoa falanga 1,000 kila mwezi kwa simu, ni milioni 20 kwa mwezi, milioni 240 kwa mwaka. Kwa kiwango cha mwaka 2024, dola moja kwa falanga 2,800, ilikuwa kama dola 85,000. Tervuren ilitengenezwa kutoka 2013 mpaka 2018 kwa zaidi ya euro milioni 60, basi zetu ni za kuchekesha. Hazijengi ukumbi mpya. Zinalipa devis ya kweli, zinalipa kazi ya kupiga picha na kuandika vitu, zinaanza paa. Na zinafanya jambo ambalo euro za mgeni hazifanyi: zinatupa haki ya kuuliza. Aliyetoa falanga 1,000 anaweza kusimama mlangoni akasema "nionyesheni risiti". Aliyepewa zawadi anasema asante na kunyamaza.

Wengine walishatuonyesha kwamba inawezekana. Lusanga, kule Kwilu, katika ardhi ya zamani ya mashamba ya mawese ya Unilever, wafanyakazi wa mashamba waliunda kundi lao la sanaa mwaka 2014. Wanafinyanga sanamu za udongo, zinamiminwa upya kwa chokoleti na mawese, zinauzwa Ulaya na Marekani, na pesa inanunua ardhi irudi mikononi mwao. Wako na jumba lao la maonyesho tangu 2017. Mwaka 2024 walifika Venezia, na mwaka ule ule sanamu ya Balot, afisa mbeligiji aliyeuawa katika uasi wa Wapende wa 1931, ilirudi Lusanga kwa mkopo kutoka Virginia. Ndiyo, mkopo tena. Na ndiyo, mzungu mmoja aliwasaidia sana, kuna mabishano juu ya hilo na hatuyafichi. Lakini ukumbi ulikuwa tayari, sanamu ikaja.

Sasa nani atashika pesa. Hapa tunaandika kwa aibu kidogo. Miaka iliyopita, kabla hatujajipanga vizuri, tulikusanya mchango wa kutengeneza bomba la maji katika mtaa mmoja. Tulimpa sanduku mtu tuliyemwamini, mkubwa kwetu, tunayemwita yaya mpaka leo. Hatukuandika kitabu. Hatukuomba risiti. Bomba halikuja, na maelezo yalikuwa mengi. Wale mama waliotoa hawakutupigia kelele. Waliacha tu kutusalimia, na hiyo ilituuma kuliko kelele.

Kwa hiyo safari hii hatutapokea falanga hata moja mpaka mambo haya yawe tayari. Institut des Musées Nationaux, ndiyo yenye nyumba, ikubali kwa maandishi. Kuwe na konti ya benki ya pekee, sahihi tatu, na moja ya sahihi hizo iwe ya mtu asiye wa vuguvugu letu wala wa muze: mwalimu, fundi au mama wa soko. Devis itangazwe yote kabla ya mchango, ikisomwa na mainjinia wawili wasiojuana. Kila mwisho wa mwezi hesabu ibandikwe mlangoni kwa Kiswahili, si kwa kifaransa cha ofisi. Na mwanasiasa akitaka kutoa, atoe kama wote, kwa simu, bila kamera. Likelemba zetu zinafanya kazi miaka nenda rudi bila mwanasheria, sababu kila mmoja anajua zamu ni ya nani na pesa imelala wapi.

Wenye ufundi tunawaomba mujitokeze kabla ya wenye pesa: wanafunzi wa Polytechnique na wa Beaux-Arts, mafundi umeme, wapiga picha wa harusi muko na kamera nzuri kuliko sisi. Na Jumamosi hii tunaingia muze, wote saba, na wale watatu wanatangulia. Tunalipa tiketi.

Mama mmoja wa soko la Kenya, anayeuza mikate, alitusikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono. "Bana bangu," alisema, "miye nitatoa. Lakini kitabu nitakiona lini?" Tulimwambia tutarudi nacho kabla ya yeye kutoa chochote. Bado hatujarudi.