Dawati la Mzee Maruge
Januari 2004 mzee wa miaka 84 alivaa kaptura na soksi ndefu, akaenda kuandikishwa darasa la kwanza mjini Eldoret. Serikali ya Kenya ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi mwaka mmoja kabla, naye Kimani Maruge, mpiganaji wa zamani wa vita vya uhuru vya Mau Mau, alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Humkumbuka kila ninaposikia kwamba ndoto ni za vijana. Ndoto yake haikuwa ya cheo wala mali. Ilikuwa herufi tu, na herufi hizo zilitosha kumwamsha asubuhi. Mwaka 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza, akaenda New York kuitetea elimu ya bure mbele ya Umoja wa Mataifa. Baadaye ghasia zilizozuka Kenya baada ya uchaguzi zikamtupa kwenye hema, na bado akaenda darasani. Saratani ilimchukua Agosti 2009, akiwa hajamaliza shule. Wewe unayedhani umechelewa, nenda wiki hii ukaulize darasa la watu wazima lililo karibu nawe liko wapi.